Wistiti Hungoja, Kurumbiza Hangoji

Docteur, daktari wetu wa wanyama, ameniomba niwaandikie ninyi mlioingia juzi juzi kwenye bustani yetu ya wanyama, niwaeleze kazi ilivyokuwa. Nilikubali haraka kuliko inavyompasa mwanamke wa umri wangu, maana tangu nistaafu nina maneno mengi na wanaonisikiliza ni kuku tu. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara haukuwahi kukaa mfukoni kiasi cha kuwa na historia. Nitawaambia juu ya kima mdogo wa Amerika ya Kusini na ndege mmoja wa vichaka vya kwetu, na juu ya ubishi ambao mimi na mwenzangu Papa Floribert tuliubeba kwa ajili yao mpaka nikaingia nao kwenye pensheni.

Lakini tuanze mwanzo. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, aliyeteremka Lubumbashi kutoka Kabalo akiwa kijana, na alitaka niwe mwalimu wa shule ya masista. Nilipomwambia nimepata kazi kwenye bustani ya wanyama, alitua kikombe chake cha chai taratibu. "Mutoto ya muntu wa chemin de fer," akasema, "unaenda kukomba mavi ya nkima?" Nikamjibu kwamba naenda kulisha simba. Kesho yake nilipofika nikapewa ufagio na karai, nikaelekezwa kwa nyani. Baba hakukosea hata neno moja, na hakuacha kunikumbusha.

Aliyenipokea ni Papa Ilunga, mzee wa sehemu ya nyani, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata mwezi wa kumi jua likipasua mawe. Nilinyoosha mkono kufungua mlango wa kwanza, akaukamata.

"Weye mama, mu nyumba ya bantu unaingiaka tu hivi?"

"Hapana, Papa."

"Basi, piga hodi."

Hodi kwake ilikuwa mluzi. Kila mtunzaji alikuwa na mluzi wake, na hakufungua mlango kabla ya kuupiga na kungoja kidogo, ili mnyama ajue anayeingia ni nani na ajiweke sawa. Papa Ilunga aliamini kwamba mnyama anayeshtuliwa asubuhi hukasirika mpaka jioni, na katika hilo hatofautiani na wakwe zangu. Tatizo ni kwamba sikujua kupiga mluzi. Kwetu msichana akipiga mluzi aliambiwa anaita nyoka. Nilijifunza ndani ya stoo ya vyakula, katikati ya ndizi na mapapai, midomo imekauka, Papa Ilunga akicheka nje ya mlango. Ulipotoka hatimaye ulikuwa mluzi mwembamba wa sauti mbili, moja juu na moja chini, na huo ndio uliokuwa jina langu kwa wanyama wote mpaka siku ya mwisho.

Alinifundisha pia kutazama mavi kabla ya kutazama uso. "Munyama anadanganyaka na uso," alikuwa akisema, "lakini na mavi hawezi." Lishikeni hilo. Mtasoma mengi kwenye vyuo, na yote ni mazuri, lakini asubuhi anzieni sakafuni. Papa Ilunga alistaafu, akarudi kwao, akafa kwa uzee akiwa na kofia yake kichwani, na mimi nikabaki na nyani.

Wistiti, yaani wale kima wadogo niliowataja, waliletwa kutoka Mokambo. Watu wa forodha walikuwa wanakagua gari la mizigo mpakani, na chini ya magunia ya unga wakakuta sanduku lenye matundu. Ndani mlikuwa na viumbe viwili vidogo kuliko paka mchanga, mkia wenye pete pete, na pembeni mwa masikio vishungi vyeupe kama mzee aliyesahau kwenda kwa kinyozi. Ofisa aliyetuletea aliweka sanduku mezani akarudi nyuma hatua. "Mama, hii iko panya ama mutoto ya nkima?" Docteur, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, alifunua kifuniko, na nilimwona akishika ukingo wa meza. Akasema ni wistiti, kwamba kwao ni misitu ya Brazili, na kwamba mtu aliyewasafirisha kwenye unga angestahili kusafirishwa vivyo hivyo. Dume tulimwita Kapita, kwa sababu kila kitu ulichokiweka ndani alikikagua kama msimamizi wa mgodi. Jike tulimwita Fololo, ua, kwa sababu ya vile vishungi.

Kazi ngumu ilikuwa kuwalisha. Walikula ndizi, walikula panzi, lakini walikuwa wakikonda, wakitafuna mbao za kibanda chao usiku na mchana. Docteur akatueleza kwamba wistiti hutoboa miti kwa meno na kulamba utomvu wake, na akikosa utomvu ni kama Mluba wa Katanga aliyekosa bukari, ugali wetu: ameshiba na hajala. Basi nikawa nakwenda Annexe, pembezoni mwa mji, ambako nina shamba, kukusanya utomvu wa migunga, ule mgumu unaong'aa. Nikachukua keekee ya mkono ya marehemu mume wangu, nikatoboa matundu kwenye gogo, nikaloweka utomvu na kuujaza humo. Kapita alikagua gogo juu na chini. Kisha akabandika mdomo kwenye tundu na hakuubandua mpaka jioni. Nilikimbia ofisini kwa Docteur na keekee mkononi, watu wakafikiri nimekwenda kupigana.

Sasa Papa Floribert. Yeye alitunza ndege, ng'ambo ya njia, mkabala na nyani wangu. Mtu mrefu, mpole, mwimbaji wa kwaya ya parokia, na mwenye majivuno juu ya ndege zake kama vile amewataga mwenyewe. Mwaka ule ule fundi mmoja wa Ruashi aliyekuwa anasafisha kichaka ili ajenge nyumba alimletea kurumbiza kwenye kikapu, bawa limevunjika. Kurumbiza mnamjua: uso na tumbo la rangi ya chungwa, mgongo wa kijivu cha buluu, mwoga, anaishi ndani ya kichaka kizito, utamsikia mara mia kabla ya kumwona mara moja. Na ni mwigaji. Huyu alimwiga tai, alimwiga mbwa wa mlinzi, aliiga honi ya baiskeli ya muuza mkate. Floribert akamwita Chantre, kama wanavyoitwa waimbaji kanisani, akamtengenezea bawa kwa kijiti na uzi.

Ubishi ulianza hivi. Wistiti wangu walikuwa na desturi: mmoja akiwa ndani ya kibanda cha kulalia na mwenzake nje, wasipoonana, waliitana. "Fiii," ndefu, nyembamba. Kisha aliyeita alinyamaza kabisa, akangoja. Mwenzake akajibu, naye akangoja. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Mimi nimelea watoto wengi kwenye nyumba ya vyumba viwili, sijawahi kusikia kitu cha namna hiyo, na nilimwita Floribert aje asikie.

Alisikiliza, mikono nyuma. "Mama Régine, nkima yako iko nalia. Ndege yangu iko naimba. Haviko kintu kimoya."

"Ndege yako iko napiga kelele. Haiache muntu aseme."

"Muimbaji mukubwa anangojaka nani?"

"Muntu wa akili anangojaka mwenzake."

Toka siku hiyo, kila mapumziko ya asubuhi tulibishana nani anajua zaidi mambo ya sauti, kima wa Brazili au ndege wa Katanga, na aliyeishiwa maneno ndiye aliyepika chai. Docteur alikataa kuwa hakimu. Alisema mmoja anajua kuzungumza, mwingine anajua kukumbuka, na yeye chai yake anataka bila sukari. Kwa hesabu ya majani ya chai tulikuwa nguvu sawa.

Sauti ya Fololo lazima niwaeleze, maana kila kitu kinakuja kuishia hapo. Ilipanda moja kwa moja, ikakaa, na mwishoni ikashuka ghafla kidogo, kama mtu aliyejikwaa kizingitini. Kapita naye alijikwaa hivyo hivyo, ila sauti yake ilikuwa nzito zaidi. Nilikuwa nikiwasikia toka getini asubuhi, na nilijua siku imeanza vizuri.

Mnajua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, jinsi inavyouma. Umeme ulikatika siku nyingi mfululizo, na taa za joto zikawa mapambo. Tuliweka mbabula, majiko yetu ya makaa, nje ya vibanda, tukaziba matundu kwa magunia na vitenge. Nyani wa kwetu walivumilia. Fololo akapata ugonjwa wa mapafu. Docteur alimkalia siku mbili, akimpa dawa kwa bomba dogo la sindano, na alasiri ya siku ya pili Fololo alikata roho ndani ya kiganja changu. Hakuwa na uzito wa yai.

Kapita aliita. Akangoja. Akaita tena, akangoja tena. Hakuna kilichonichoma katika miaka yangu yote ya kazi kama kule kungoja kwake, adabu ile ile, kana kwamba mwenzake amechelewa tu kidogo. Siku zilizofuata aliacha utomvu, akaacha panzi, akawa anakaa mbele ya kibanda cha kulalia ameukumbatia mkia wake. Docteur aliniambia wazi. Wistiti hakuumbwa kukaa peke yake, na huyu atamfuata mkewe. Alikuwa ameshaandikia bustani za nje kuomba jike, lakini vibali vya wanyama hao havitoki kwa wiki wala kwa mwezi.

Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo nadhani ni watu wa kwetu tu wangelifanya. Nilikuwa nimekaa na Floribert, chai imepoa, hakuna aliyebisha. Nikasema:

"Papa, muntu akifiwa, banamuachaka peke yake?"

"Hapana. Bantu banakuya, banalala naye mu kilio."

"Kapita hana ndugu hapa. Njo siye ndugu yake."

Akaweka kikombe chini. Kisha akainuka, akavuka njia, akarudi amebeba kizimba cha Chantre, akakitundika ubavuni mwa kizimba cha Kapita. Mimi nikatandika mkeka mbele yao. Watunzaji wenzetu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha mmoja mmoja wakaja kukaa wakati wa chakula, maana kilio ni kilio. Kuna aliyeleta karanga. Nilijua ni upuuzi, na nilikuwa na furaha kidogo kwa mara ya kwanza tangu Fololo afe.

Siku ile Chantre alinyamaza, mgeni mwenye adabu. Asubuhi iliyofuata nilipiga mluzi wangu, nikaingia na karai la matunda. Kapita aliita, kidogo sana, kwa mazoea. Na Fololo akamjibu.

Karai lilinitoka mikononi. Ilikuwa sauti yake, ule wembamba, kule kupanda, na kule kujikwaa kizingitini mwishoni. Niligeuka kutazama kibanda cha kulalia kabla akili haijanirudia, na Kapita pia aligeuka huko huko, akaingia ndani, akatoka, akazunguka nyuma. Kisha sauti ikaja tena, na nikaona koo la rangi ya chungwa likitetemeka. Chantre. Kizimba chake kilikuwa kimetazamana na chao tangu alipoletwa na kijiti kwenye bawa. Alikuwa amemsikiliza Fololo kila asubuhi, na hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria hilo, tukishughulika kubishana nani anajua kuimba.

Nilipiga kelele nikimwita Floribert. Alikuja mbio na kiatu kimoja. Tulisimama pale tukishikana mikono kama watoto, Kapita akiita, Fololo akijibu kwa kinywa cha ndege. Na kabla ya saa ya chakula Kapita alishuka kwenye gogo, akabandika mdomo kwenye tundu la utomvu. Nilicheza, siwafichi. Nilicheza na ufagio kwenye njia ya wageni, na masista wawili waliokuja na wanafunzi wakapita pembeni kwa heshima.

Docteur alikuja kutazama, akatazama muda mrefu, akafurahi pamoja nasi. Lakini kabla ya kuondoka alinivuta pembeni. "Mama Régine, attention. Kapita iko anazungumuza. Chantre iko anakumbuka tu." Alisema kweli, na nilianza kuliona mwenyewe. Kapita aliita na kungoja. Chantre alimjibu akipenda, asipopenda alianza kabla mwenzake hajamaliza, na mara nyingine sauti ya Fololo ilifuatwa papo hapo na honi ya muuza mkate. Kapita alikuwa akiinamisha kichwa, kama mume anayesikia mkewe akisema jambo asilolielewa, na akangoja tena. Lakini alikula, alinenepa, baridi ikapita, na mimi nikajiambia mengine yatajipa.

Kisha jike akaja. Vibali vilitoka, akaja kwa eropleni, na tukamwita Mugeni. Alikuwa mdogo, mwoga, wa vishungi vilivyosimama. Tulimweka kizimba cha upande wa pili wa Kapita, wavu katikati, wazoeane kwanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba na iliyonyooka mwanzo hadi mwisho. Aliita. Kapita alinyanyua kichwa. Na kabla hajafungua mdomo, Chantre akatoa sauti ya Fololo kutoka upande wake, na Kapita akampa Mugeni mgongo, akaenda kujibandika kwenye wavu wa ndege.

Ikawa hivyo kila siku. Mugeni aliita mpaka akachoka. Akaanza kuacha chakula. Nilitazama sakafu asubuhi kama nilivyofundishwa na Papa Ilunga, na sakafu yake haikunidanganya. Tulikuwa na jike anayekufa kwa kutokujibiwa, pembeni ya dume anayejibiwa na aliyekwisha kufa.

Docteur alisema njia ni moja, Chantre aondoke. Akasema pia asilotaka kusema, kwamba Kapita akimpoteza Fololo mara ya pili huenda moyo wake usivumilie, na hapo tutawapoteza wote wawili. Hakutuamuru. Alisema mnawajua kuliko mimi, kesho mtaniambia.

Mimi sikutaka. Nitasema ukweli, sikutaka kwa ajili ya Kapita na sikutaka kwa ajili yangu. Mume wangu alikufa bila mtu kubaki na sauti yake. Wakati ule hatukuwa na simu za kurekodi, na nilikuwa nimekwisha sahau alivyokuwa akiniita kutoka uani, nakumbuka maneno tu. Hapa palikuwa na kiumbe anayerudisha sauti ya marehemu kila asubuhi bila kukosea, na naambiwa nimtoe. Nilimwambia Floribert yote hayo. Naye Chantre alikuwa mtoto wake, asingetaka kutengana naye kwa urahisi. Nilitegemea anisaidie kukataa.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka ule ule, akiokota maganda ya karanga. "Mama," akasema, "kilio inakuwaka na mwisho. Bantu bakilala ku kilio mwaka muzima, mufiwa atafungua mulango ya nyumba yake siku gani?"

Siku ile mimi ndiye niliyepika chai.

Tukaanua tanga. Nilifagia mbele ya vizimba, nikaosha ukuta, nikakunja mkeka. Bawa la Chantre lilikuwa limepona zamani, ni sisi tuliokuwa tunajisingizia. Kumwachia karibu haikufaa, Kapita angemsikia. Basi Floribert alimbeba kwenye kikapu mpaka Annexe, shambani kwangu, ambako chini ya mihogo kuna kijito na kichaka ambacho panga langu halijawahi kukishinda. Alifungua kikapu. Chantre alikaa ukingoni, akatazama huku na huku, akaingia kichakani bila kuaga. Floribert alibaki ameshika kikapu. Nilimwambia muimbaji mkubwa hangoji mtu. Alicheka, akajifuta macho na mkono wa shati.

Asubuhi iliyofuata niliingia kazini mapema. Kapita aliita upande wa kizimba cha ndege. Akangoja. Akaita, akangoja. Mugeni alikuwa amejikunja kwenye pembe, hajaugusa utomvu. Kutwa nzima nilizunguka na keekee mkononi bila kutoboa chochote. Siku ya pili vivyo hivyo, na Kapita hakushuka kwenye gogo. Docteur alipita mara nyingi kuliko kawaida, akijifanya anakwenda stoo.

Siku ya tatu Kapita aliita, sauti imekwisha nguvu, akanyamaza. Na kutoka kwenye pembe Mugeni akajibu. Kidogo, imenyooka, kama mtu anayeuliza kama anaruhusiwa. Nilisimama na ufagio hewani. Kapita alikuwa amempa mgongo. Hakugeuka, lakini niliona masikio yake yakisogea. Alingoja mpaka Mugeni akamaliza kabisa. Akamwacha akae kimya kidogo. Kisha akamjibu.

Floribert alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija. "Amengoja," akanong'ona. "Mama, ule amengoja." Hakuwahi kukiri zaidi ya hapo, lakini kwenye ubishi wetu niliihesabu siku hiyo kuwa yangu.

Mvua zilipoanza tuliondoa wavu wa katikati. Na sasa sikilizeni, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nikimbie tena ofisini. Asubuhi moja nilikuwa getini nikasikia Fololo. Niliapa Chantre amerudi. Nikaenda mbio, na hapakuwa na ndege. Alikuwa Mugeni, juu ya kibanda, anaita. Sauti yake ilipanda ikiwa imenyooka kama ya siku ya kwanza, na mwishoni ikajikwaa kizingitini. Docteur alicheka kwa furaha nilipomwambia. Alisema ndivyo wistiti walivyo: wanaoishi pamoja sauti zao husogeleana, kila mmoja anaacha kidogo cha kwake na kuchukua kidogo cha mwenzake. Basi kule kujikwaa, Fololo alikuwa amejifunza kwa Kapita, au Kapita kwa Fololo, na mwenye kujua hayupo. Nilikuwa nimekumbatia sauti ya ndege nikidhani ndiyo peke yake iliyobaki, kumbe nyingine ilikuwa kooni mwa mfiwa mwenyewe.

Walizaa mapacha. Kapita aliwabeba mgongoni kama baba wa wistiti anavyopaswa, akiwashusha kwa mama wanyonye tu, na akina mama waliokuja na waume zao siku za Jumapili walimwonyesha kwa kidole, waume wajifunze. Wajukuu wake ndio hao mnaowalisha sasa. Gogo lao litoboeni kwa keekee, msitumie msumari, msumari huacha vibanzi. Na pigeni hodi. Kapita mwenyewe alikufa mzee, usingizini, Mugeni akiwa ubavuni, na watoto wakaitana kwa zamu asubuhi hiyo kama kawaida.

Nami nikastaafu. Nimehamia kabisa Annexe, kwenye mihogo na kuku. Chantre nilikuwa nikimsikia mara kwa mara kule kijitoni, jirani wakiniuliza kwa nini kichaka changu kina honi ya baiskeli. Kisha masika moja sikumsikia tena. Kurumbiza haishi sana.

Wiki iliyopita nilikuwa uani nafagia, umande haujakauka. Kichakani kikalia kitu. Fiii. Ikapanda, ikakaa, ikajikwaa. Niliteremka polepole, ufagio mkononi, nikainama chini ya majani. Juu ya kijiti alikaa kurumbiza mchanga, kifua bado kina madoadoa ya utoto, hajavaa hata ile rangi ya chungwa. Hajawahi kuona wistiti. Hajui Mokambo, wala baridi ile, wala kiganja changu. Akatoa tena sauti ya Fololo, safi, kama alivyoipokea kwa baba yake au babu yake.

Nikapiga mluzi wangu, ule wa sauti mbili, nikanyamaza kungoja zamu yake. Hakungoja. Aliimba juu ya mluzi wangu bila haya.

Nilitoa simu nikampigia Floribert, ambaye bado yuko kazini na ndege zake. Sikusema neno, niliielekeza simu kichakani na kuushikilia mkono mpaka ukauma. Alingoja mpaka wimbo ukaisha.

"Mama Régine. Ule iko Fololo."

"Ni yeye, Papa," nikasema. "Ukitoka kazini kuya huku. Chai nitapika miye."